Timu za pesa zinatumaliza, huyu kijana tumuuze?

"Mimi ni mhazini wa timu ya mtaa hapa Arua, tuko ligi ya kanda, Big League (daraja la pili) hatujawahi kufika. Kila tukitoa kijana mzuri timu za Kampala zinambeba, saa nyingine hata mpira mmoja hawatuachii. Sasa tuna straika wa miaka 17, timu moja ya juu imetuma mtu na milioni 3 keshi, anataka jibu wiki hii. Alafu kuna mzee mfanyabiashara anasema tumpe timu yote, ataifikisha ligi kuu kwa miaka mitatu. Wenzangu kwenye kamati wanasema mpira ulishauzwa, pesa ya TV wanapewa wakubwa peke yao na sisi ni shamba lao tu. Kuna maana ya kuendelea? Na hizo milioni 3 tuchukue?"

Ndugu mhazini, pole kwanza, manake kushika daftari la timu ambayo haina kitu ni kazi ya kukosesha mtu usingizi. Mimi nimekaa na vitabu vya hesabu vya klabu za hapa Uganda miaka mingi, kubwa na ndogo, na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi. Naona unauliza mambo matatu, kijana, mzee, na kama kuna maana, lakini chini yake ni jambo moja tu: mwenye kidogo afanye nini kwenye ligi ambayo wengine wana nyingi. Usimpe mtu jibu wiki hii. Tulia kwanza tuelewane pesa inatembeaje, alafu hayo mawili tutayarudia.

Tuanze na hiyo ya TV kwa sababu wenzako wamekosea hapo, na ukikosea ugonjwa utanunua dawa ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2018 kampuni ya TV ya StarTimes waliingia mkataba na FUFA, shirikisho letu la mpira, wa miaka 10, thamani yake dola milioni 7 na laki kama mbili hivi. Ukisikia milioni 7 ya dola unaona ni mlima. Sasa chukua kalamu. Gawa kwa miaka 10, unabaki na dola kama laki 7 na elfu 24 kwa mwaka. Tuseme hatutoi hata senti, hakuna ya marefa, hakuna ya ofisi, hakuna ya ligi ya chini, yote tunagawa sawasawa kwa timu 16. Kila timu inapata dola elfu 45 na kidogo. Piga dola kwa shilingi 3,600, ni kama milioni 163 kwa mwaka mzima, yaani milioni 13 na nusu kwa mwezi. Timu ya ligi kuu ina wachezaji, makocha, daktari, mtu wa vifaa, tuseme watu 30 tu. Kila mtu anapata laki 4 na nusu, na hapo hujaweka mafuta ya basi, hujalala hoteli hata usiku mmoja, hujafua jezi.

Umeona? Hiyo pesa hata ukiigawa kwa haki ya mbinguni haiwezi kulisha timu hata moja, kwa hiyo wakubwa hawajawa wakubwa kwa kula fungu lenu la TV. Kapu lenyewe ni dogo mno. Linganisha na majirani, Azam Media mwaka 2021 waliweka shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa miaka 10, kwa bei ya dola ya wakati ule ni karibu milioni 97. Ni zaidi ya mara 13 ya ile yetu. Kapu kubwa likigawiwa vizuri linaweza kumuinua mdogo kidogo, kapu dogo haliinui mtu, na ndio maana kwetu swali ambalo linaamua kila kitu ni moja: wewe nani anakulisha?

Angalia ligi yetu kwa jicho hilo utaona makundi matatu. Kuna timu za taasisi, KCCA ya jiji la Kampala, URA ya watu wa kodi, Police, Maroons ya magereza, NEC ya jeshi. Kuna za mtu mmoja au kampuni, Vipers ya mzee Lawrence Mulindwa pale Kitende, BUL ya Jinja ambayo iko na kampuni ya Bidco. Alafu kuna za mashabiki na za mtaa, SC Villa, Express, na huku kwenu mnajua Onduparaka, ile timu iliyopanda ligi kuu 2016 ikabeba West Nile nzima mgongoni, watu wakijaa uwanjani kama sikukuu, na bado pesa ya mlangoni haikutosha kuiweka juu milele. Nyie mko kundi hili la tatu, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mshahara wenu unategemea kama mvua itanyesha Jumamosi.

Sasa kwa nini pesa inazaa pesa? Fikiria mnada wa ng'ombe. Dume zuri sokoni ni moja. Wewe umekuja na milioni 2, jirani yako milioni 3, unarudi nyumbani unakopa unakuja na 4, yeye anauza shamba anakuja na 5. Mwisho wa siku dume bado ni lile lile moja, halijaongezeka hata kilo, ila nyote mmemaliza akiba na mwenye dume ndiye anacheka. Mpira uko hivyo. Bingwa ni mmoja hata timu zote 16 ziongeze mishahara mara mbili, nafasi za kushuka daraja ni zile zile, na beki bora wa kushoto nchini ni mmoja. Kwa hiyo siyo wingi wa pesa yako unaohesabika, ni wingi wake ukilinganisha na wa mwenzako, na hapo ndipo timu ndogo inakufa ikijaribu kushindana kwa mishahara, inakopa ili ikae, inashuka, alafu deni linabaki na jina tu.

Kisha anayeshinda anapata vitu ambavyo havigawiwi. Anaenda Afrika, na huko mwaka 2023 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walipandisha zawadi ya bingwa wa Champions League ikafika dola milioni 4, hata anayeishia makundi anarudi na pesa ambayo nyumbani hakuna wa kumpa. Anaonekana, wachezaji wake wananunuliwa nje, kijana wa Arua akiulizwa anataka kwenda wapi anataja yeye. Msimu unaofuata anaanza akiwa mbele tena. Hesabu mwenyewe kuanzia msimu wa 2012/13 mpaka 2024/25, misimu 13, Vipers wamechukua 6, KCCA 5. Imebaki 2 tu, Express 2021 na Villa 2024.

Lakini usikimbilie kusema basi kila kitu kimeuzwa, manake hizo mbili zina neno. Villa walikaa miaka 20 bila ubingwa, toka 2004, timu yenye mataji mengi kuliko yoyote nchini ikawa inapambana isishuke, alafu 2024 wakachukua la 17 na kikosi cha vijana, wakati kuna timu zenye matumizi makubwa kuwazidi. Mwaka huo huo Kitara ya kule Bunyoro ikabeba Uganda Cup. Na upande wa pili URA, ambao watu wanadhani wanaogelea kwenye pesa, ubingwa wao wa mwisho ni 2011. Timu ya taasisi faida yake ni kwamba mshahara unakuja tarehe yake, mchezaji halali njaa, wengine wanaajiriwa kabisa, lakini bajeti ina mtu wa kuikata ofisini na haiwezi kuruka. Pesa inakupa nafasi kubwa ya kuwa juu ukihesabu miaka kumi. Kwa msimu mmoja, au kwa mechi moja ya kombe, bado mpira unadunda.

Na wakubwa wetu nao wana wakubwa wao. Mwaka 2022 Vipers waliwatoa TP Mazembe wa Kongo kwa penalti kule kule Lubumbashi, nchi nzima ilisimama, nakumbuka mtaani kwangu boda zilipiga honi mpaka usiku. Januari iliyofuata kocha wao Robertinho alikuwa Simba Dar es Salaam. Ameondoka katikati ya msimu, kwenda timu ambayo ilikuwa kundi moja na wao! Hivyo yule anayekuja kwenu na milioni 3 anaonewa na mwingine, na yule anaonewa na Waarabu wa Cairo, na wale wanaonewa na Ulaya. Nyie mko ngazi ya chini, kweli, lakini ni ngazi, na ngazi ina sheria zake. Nitakuonyesha moja ambayo inalipa.

Kabla ya hapo, wenzako watasema Ulaya wamelitatua. Hawajalitatua. Uingereza wanagawa pesa ya TV ya ndani kwa usawa mkubwa, wa kwanza hapati hata mara mbili ya wa mwisho, na bado wanaotajwa kwa ubingwa ni wale wale kwa sababu ya pesa ya Ulaya na matangazo ya jezi na viwanja vikubwa. Zamani kule timu mgeni ilikuwa inapata fungu la mlangoni, 1983 wakubwa wakalifuta, mwenye uwanja akabaki na zote, na wenye viwanja vidogo hawajalisahau. Hispania mpaka 2015 kila timu iliuza TV yake, Real Madrid na Barcelona wakawa wanabeba sehemu kubwa peke yao mpaka serikali ikatoa sheria ziuzwe pamoja. Ujerumani wana kanuni kwamba wanachama wawe na kura nyingi kwenye klabu yao, 50 na moja zaidi, nzuri sana, na bado Bayern walichukua ubingwa mara 11 mfululizo mpaka Leverkusen wakaukata 2024. Hiyo ya Ujerumani ishike akilini. Haikuleta usawa, ila timu nyingi hazijafa kwa sababu ya mtu mmoja kukasirika, na kwa timu kama yenu kutokufa ni jambo kubwa. Habari ya kuweka kikomo cha matumizi, kama UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wanavyotaka mishahara na usajili visizidi asilimia 70 ya mapato, inasaidia kuzuia madeni lakini ukiiangalia vizuri inamlinda pia aliye juu tayari, maana asilimia 70 ya nyingi ni nyingi.

Haya, kijana.

Jibu langu ni: anaweza kwenda, na pengine aende, miaka 17 akiwa na uwezo huo kumfungia ligi ya kanda ni kumkosea yeye. Ila msimuuze kwa milioni 3 za mkononi zikaisha hapo. Wakubwa wamezoea timu za mtaa zinafikiri biashara inaisha siku kijana anapanda basi, kumbe ndio inaanza. FIFA wana utaratibu, mchezaji akihama nchi moja kwenda nyingine kwa pesa, asilimia 5 ya hiyo pesa inatolewa pembeni ni ya timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 mpaka 15 kila msimu una fungu dogo, wa 16 kwenda juu fungu lake ni mara mbili. Chukua mfano, mmekuwa naye toka 14 mpaka 17, misimu minne. Siku moja anauzwa kutoka Kampala kwenda nje kwa dola laki moja. Asilimia 5 ni dola 5,000, fungu lenu ni asilimia 30 ya hiyo, dola 1,500, ni zaidi ya milioni 5 za kwetu. Hiyo peke yake imeshapita milioni 3 alizokuja nazo huyo mtu, na akiuzwa tena kutoka hapo kwenda nchi nyingine mnapata tena, na tena. Pembeni kuna fidia ya mafunzo pia, ile inayolipwa akisaini mkataba wa kulipwa mara ya kwanza, nayo ina hesabu yake.

Lakini! Hiyo pesa inafuata karatasi, haifuati kumbukumbu. Toka Novemba 2022 FIFA wana ofisi ya kupitisha malipo haya, FIFA Clearing House, inaangalia usajili wa mchezaji msimu kwa msimu. Kama huyo kijana amecheza kwenu miaka minne lakini mmemsajili mwaka mmoja tu, kwao nyie mmemlea mwaka mmoja. Nimeona timu ya mashariki ikilia kwa hili, kijana ameuzwa nje vizuri, kocha aliyemlea ana picha zake akiwa na miaka 13 hajavaa viatu, na kwenye mfumo hakuna hata mstari mmoja. Picha hailipi. Kwa hiyo leo kabla ya kesho nenda ukahakikishe amesajiliwa, jina limeandikwa sawa na la kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ni ile ile, na wadogo zake wote walioko kwenu nao vile vile. Kama mmewahi kumpunguzia miaka, wekeni sawa sasa, hilo litamfuata mpaka uwanja wa ndege.

Pili, kwenye barua ya kumuachia mwandike asilimia ya mauzo ya baadaye. Ombeni 20, mtashuka 15, hata 10 msikatae kama keshi ni ya maana. Hii ni halali kati ya klabu na klabu. Kinachokatazwa, toka Mei 2015, ni mtu binafsi kumiliki kipande cha mchezaji, kwa hiyo kama huyo aliyetumwa anasema "mimi mwenyewe nitamchukua alafu tutagawana," mwambie asante, nenda salama. Na akianza habari za kumpeleka majaribio nje ya nchi mwezi ujao, kijana hajafika 18, uhamisho wa kimataifa wa mtoto umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache sana ambazo sioni kama zinamhusu. Mkataba wake kabla ya 18 hauzidi miaka mitatu. Na wazazi wake wawe kwenye kikao, wakae viti vya mbele, wasome au wasomewe kwa lugha wanayoielewa, shule yake iandikwe ndani. Mimi nikisikia timu haitaki mzazi awepo najua nina jibu tayari.

Je wakikataa asilimia? Hapo itabidi mpime kwa moyo mweupe. Kama kijana mwenyewe anataka kwenda na wazazi wamekubali, msimkalie. Chukueni kidogo chenu, usajili wake uwe safi, na lile fungu la FIFA hakuna anayeweza kuwanyang'anya kwa mdomo. Timu inayojulikana kuwa inaachia vijana vizuri inaletewa vijana wengine.

Sasa mzee. Sitaki umuone adui. Vipers ni kazi ya mtu mmoja aliyeamua, uwanja wa Kitende ulijengwa kwa pesa yake na umewahi kuchezewa mechi za Afrika, huwezi kusema pesa ya tajiri ni mbaya. Ila miaka mitatu kutoka ligi ya kanda mpaka ligi kuu ni maneno ya kampeni, inatakiwa mpande mara mbili na hesabu ya kusafiri peke yake itamtoa jasho, Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500 kwenda, na kila mechi ya ugenini kwenu ni safari. Muulize kwa heshima, mzee wetu, bajeti ya msimu wa kwanza iko wapi na mwaka wa pili ukishindwa kupanda utaendelea? Nilishasaidia timu moja ambayo mfadhili wake aliondoka Februari, ligi haijaisha, basi lilikuwa jina lake, jezi zilikuwa na jina lake, hata leseni ilikuwa na simu yake. Wachezaji walikaa kambini wiki mbili wakila posho ya mlinzi. Sijasahau nyuso zao.

Kwa hiyo msimpe timu yote. Mpeni sehemu. Jina, rangi, uwanja wa mazoezi na usajili wa vijana vibaki mikononi mwa wanachama, yeye awe na hisa kwenye upande wa biashara, aweke pesa kila msimu kwenye akaunti ya timu yenye saini tatu, na iandikwe akiondoka anaondoka bila deni kwa timu. Kama kamati yenu haijaandikishwa popote anzeni na hilo, sheria ya michezo ya 2023 inataka vyama na klabu ziwe na usajili, na bila katiba hamna hata mahali pa kusimama mkibishana naye. Nusu na kura moja zibaki kwa wanachama. Akisema hapana kabisa, anataka yote au basi, nimeona zaidi timu zilizojuta kukubali kuliko zilizojuta kukataa.

Hapa mimi naishia, manake sijaona karatasi zenu. Kabla ya kusaini chochote, cha kijana au cha mzee, tafuteni wakili mmoja hapo Arua akae nanyi saa moja, mlipeni hata kwa kuchangishana, na mambo ya usajili nendeni ofisi ya mpira ya kanda yenu mkaulize rekodi ya huyo straika inaonyesha nini msimu kwa msimu, waombeni wawape kwa maandishi. Mtu anayejiita wakala aonyeshe leseni yake ya FIFA, siku hizi inahitajika. Kama kuna aliyeshachukua pesa kichinichini kwa jina la timu, hilo usilipeleke kwa simu, ita kikao.

Na huyo wa milioni 3 mpigie leo, mwambie kwa upole kamati inakaa Jumapili, aje na barua yenye muhuri wa klabu yake na nafasi ya kuandika asilimia. Usipokee keshi kabla ya hapo, hata ya mafuta.